Bei ya Gari Huzeeka, ya Spea Haizeeki

Mjukuu wangu, picha uliyonitumia nimeiona. Mama yako alinikuzia kwenye simu yake, nikaitazama mpaka chai ikapoa. Range Rover nyeusi ya mwaka 2006, namba D, imeoshwa ikasuguliwa, imeegeshwa mbele ya ukuta mweupe ili ing'ae. Chini yake umeandika: "Babu, bei yake ni ya Harrier tu!"

Hilo neno "tu" ndilo lililoninyima usingizi.

Sogeza kiti tuzungumze. Nakuandikia wewe, lakini na wenzako wasome, maana najua picha za namna hiyo zinazunguka kwenye simu za vijana wote wa rika lako, na kila mmoja anapiga hesabu ya kikoba chake.

Nimelala chini ya magari ya watu kwa miaka 41, mengi hapa hapa Majengo, Moshi, chini ya ule mwarobaini unaoujua. Mgongo wangu umepinda kwa kazi hiyo. Ninayokwambia nimeyafungua kwa spana.

Wala usidhani babu yako ana wivu. Range nimeiendesha mara nyingi, nikiipeleka kuijaribu baada ya matengenezo. Kutoka Himo ukishuka Mwanga mpaka Same, unaketi juu kama bwana harusi, na tuta la barabarani unalipita kama mkunjo wa mkeka. Mjapani hakubebi hivyo, nakubali. Waingereza walianza kuitoa mwaka 1970, na kubembeleza kiuno cha mtu wanakujua.

Lakini utamu wa gari uko barabarani, na gharama yake inakusubiri dukani.

Gari lile lilipokuwa jipya liliuzwa kwa fedha ambayo huku kwetu ingejenga nyumba ya vyumba vinne na uzio wake. Miaka karibu ishirini imepita. Limevuka bahari, limebadili mikono, bei imeshuka mpaka imekufikia wewe unayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Sawa. Ila kompresa yake ya upepo haina habari kwamba gari limeuzwa mara nne. Giaboksi haina habari. Taa ya mbele haina habari. Vyote vinadai bei ya siku ile gari lilipotoka kiwandani Solihull.

Bei ya gari huzeeka, mjukuu wangu, bei ya spea haizeeki. Anayenunua tembo kwa bei ya mbuzi, majani atanunua ya tembo.

Ngoja nikusimulie la kijana mmoja wa hapa mjini, muuza vifaa vya ujenzi. Alikuja gereji alfajiri, kabla sijafungua kufuli. Jina la gari lake naliacha, maana gari halina mdomo wa kujitetea. Lilikuwa la kifahari, la kutembelea juu ya mabegi ya upepo badala ya springi. Nyuma limelala chini kama ng'ombe anayecheua, matairi yamezama ndani ya madigadi.

"Mzee, nikiwasha linainuka lenyewe," akaniambia, kama mtu anayenisifia mtoto. Mkononi alikuwa na boksi. Ndani yake kompresa mpya. Nikamuuliza ni ya ngapi. Akatazama pembeni. "Ya tatu."

Sikugusa spana. Niliomba ndoo, maji, kipande cha sabuni na brashi ya kupakia rangi. Nikapiga povu, nikalipaka taratibu kwenye begi la nyuma kushoto, pale mpira unapojikunja. Kwanza kimya. Halafu vikaanza kuchipuka vipovu vidogo vidogo, kama maharage yanayotaka kuchemka. Ufa wenyewe mwembamba, ukiuangalia bila povu huuoni.

Ufa ule ulikuwa unavujisha upepo usiku kucha. Asubuhi kompresa inafanya kazi ya kulinyanyua gari. Njiani upepo unazidi kuvuja, kompresa inaendelea kusukuma bila kupumzika, inapata moto, inaungua. Mashine ya kupimia ikichomekwa inaonyesha kompresa imekufa, na kweli imekufa. Fundi wa kwanza akabadilisha kompresa. Wa pili akabadilisha kompresa. Hakuna aliyeuliza kimeiua nini.

Kijana akanunua mabegi mawili ya nyuma. Miezi minne baadaye la mbele likapasuka, maana mpira ni mpira, na yote manne yalizaliwa siku moja. Mwisho akachoka, akafungiwa springi za chuma. Gari likawa linarusha watu kama punda, na taa ya manjano kwenye dashibodi haikuzimika tena mpaka siku alipoliuza. Aliliuza kwa bei ya bajaji mbili. Duka lake la vifaa siku hizi lina rafu tupu upande mmoja, na huwa napita pale nikimsalimia bila kuuliza.

Nakuomba, mjukuu wangu. Usiwe boksi la nne.

Sasa turudi kwenye hiyo Range yako. Umbo hilo lilianza kuuzwa mwaka 2002 na likaisha 2012, na ndani yake limelelewa na baba watatu. Liliundwa wakati Land Rover iko mikononi mwa BMW. Kabla halijaingia sokoni, mwaka 2000, Ford wakainunua. Mwaka 2008 ikaenda kwa Tata wa India. Kwa hiyo za mwanzo zina injini za BMW, V8 ya petroli ya lita 4.4 au dizeli ya lita 3. Ikifika miaka ya 2005 na 2006, petroli inakuwa ya Jaguar, nayo lita 4.4, halafu ikaja dizeli ya V8 ya lita 3.6. Ukiitazama kwa nje ni sura ileile.

Ndiyo maana ukienda Gerezani, Dar es Salaam, ukaomba spea ya "Range ya 2006", muuzaji mwaminifu atakuuliza maswali matano kabla hajasimama kwenye kiti. Asiye mwaminifu atakupa tu. Wengine watakwambia subiri, kinakuja kutoka Sharjah, kimetolewa kwenye gari lililokatwa. Nawe utasubiri. Gari liko juu ya mawe, wewe uko kwenye daladala, na dalali aliyekuuzia hapokei simu.

Spea ya gari dogo kama IST utaipata Jumapili usiku, hata kwa mtu anayefunga duka. Hilo usilidharau. Ubora wa gari kwa mtu wa kawaida ni nusu injini, nusu ni umbali kati ya gari lilipofia na duka lenye kifaa chake.

Wenzako wanaisifia Discovery 3, ile ya kuanzia 2004 mpaka 2009, kwamba inakula dizeli kidogo. Ni kweli, injini yake ya V6 ya lita 2.7 hainywi sana kwa ukubwa wa gari. Watu saba wanakaa, wawili wa nyuma kabisa wanakunja miguu kama binadamu. Gari zuri kwa familia. Lakini ina mambo mawili ambayo muuzaji hatayataja.

La kwanza ni mkanda wa taimingi. Injini ile ina mikanda miwili. Mmoja uko mbele, kila fundi anaujua. Wa pili umejificha nyuma ya injini, unazungusha pampu ya dizeli, na fundi asiyeijua injini hiyo huubadilisha wa mbele, akafunga, akakwambia kazi imekwisha. Mikanda hiyo ina muda wa kilometa na muda wa miaka, kimojawapo kikitangulia. Gari lililoegeshwa nje miaka mitatu kwa sababu mwenye nalo yuko masomoni, mkanda wake umezeeka hata kama kilometa hazijasogea. Ukikatika ule wa mbele, valvu na pistoni hukutana, na wakikutana hao hakuna suluhu.

La pili ni krenki. Injini hizo zina sifa duniani kote, kwa mafundi wa kwao Uingereza na wa kwetu, ya beringi za krenki kuzunguka na krenki yenyewe kukatika. Si zote. Zipo zilizokwenda mbali bila tatizo. Lakini iliyokatika haina kuungwaungwa, unatafuta injini nyingine nzima, na injini ya kuukuu unayoinunua nayo ina krenki ya namna ileile.

Halafu kuna hili ambalo vijana wangu wa gereji hawakuliamini mpaka walipoliona: ili kubadilisha turbo ya gari lile, mafundi wengi huona heri kuunyanyua mwili mzima wa gari kutoka kwenye chesisi. Bodi juu, chesisi chini, kama kofia imevuliwa. Hesabu saa za kazi. Hesabu na mifereji ya waya na mabomba ya upepo ambayo lazima yarudi mahali pake, kwenye gereji ambayo kreni yake ni mlingoti na mnyororo.

Wajerumani nitawapitia haraka, maana mimi si mtu wao. Porsche Cayenne za kwanza za V8 zilikuwa na mabomba ya maji ya plastiki chini ya manifoldi, kwenye bonde la katikati ya injini, mahali penye joto kuliko jiko la mkaa. Plastiki hukauka, hupasuka, maji yote yanamwagika. Ukikuta yameshabadilishwa kuwa ya aluminiamu, uliza risiti. BMW X5 za zamani za V8 nyingi hula oili na kutoa moshi wa bluu zikikaa kwenye foleni. Haya, tuwaache.

Najua utaniuliza: "Basi babu, ninunue Land Cruiser VX?"

Hapo nitatabasamu, lakini nitabaki nimekushika mkono.

VX ile ya mviringo, ya mwaka 1998 mpaka 2007, ndiyo iliyobatizwa jina la shangingi huku kwetu, wakubwa wa serikali walipoishukia ofisini. Ni gari la kweli. Kuna yenye petroli ya V8 ya lita 4.7, injini laini, tulivu, ambayo ukiibadilishia oili kwa wakati na mkanda wa taimingi kila kilometa 150,000 hivi, itakuzika. Kuna ya dizeli ya turbo ya lita 4.2, nayo ndiyo watu hugombania. Na kuna GX yenye 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Hiyo ya mwisho ni mzee wa kijiji: haina haraka, mlima wa Mamba itaupanda ikihema, lakini pampu yake ni ya chuma na haiulizi kompyuta ruhusa ya kuwaka.

Unajua kwa nini 1HZ haikosi spea? Kwa sababu ndiyo inayobeba watalii kwenda Serengeti na wagonjwa kwenda hospitali za wilaya. Hardtop nyingi zenye mkonga mnazoziona Arusha zina injini hiyo. Hata duka la kijijini lina fita yake. Hata fundi wa Loliondo anaifungua gizani. Na inavumilia dizeli ya kwenye madumu, ambayo ukiitia kwenye nozeli za Discovery utakuwa umezitilia mchanga machoni.

Lakini VX si sadaka. Jihadhari, mwanangu. Nyingi ni za mnada, na gari la mnada limeendeshwa na dereva ambaye hakuwahi kulipia mafuta wala bushi. Nyingine zimekuja kutoka Japani kwenye mikoa ya theluji, chini zimeliwa na chumvi, juu zimepakwa rangi ya urembo. Kilometa zimerudishwa nyuma mpaka gari limekuwa dogo kuliko mwanao. Na zile za kifahari zaidi, pamoja na dada yake Lexus LX470, zina mfumo wa kupanda na kushuka kwa mafuta ya haidroliki, na mapira yake yakichoka gari linakuwa gumu kama mkokoteni. Bei nayo haishuki. Watu wanalijua, wanalishikilia. Kwa fedha ya Range ya 2006 iliyong'aa, utapewa VX iliyochoka.

Hilo ndilo linalowachanganya ninyi vijana. Mnaona mbili zimesimama kwenye yadi, moja inameta, moja ina mkwaruzo, bei ileile. Mnadhani aliyeuza inayometa ni mjinga. Soko si jinga, mjukuu wangu. Soko limeshapiga hesabu ya kompresa, ya krenki na ya siku za kusubiri Sharjah, likaiondoa kwenye bei. Ulichopunguziwa leo umekopeshwa tu, utakilipa kwa mafungu.

Prado nayo ina ndimi mbili. Za zamani zenye injini ya 1KZ zikichemsha mara moja tu, silinda hedi hupasuka, na nimepasua mikono yangu kwa hedi hizo kuliko kwa kazi nyingine yoyote. Za baada ya 2002 zenye dizeli ya D-4D, washa za nozeli zikivujisha, masizi hushuka kwenye oili, huziba chujio la ndani ya sampu, injini inakosa oili huku kijiti kinaonyesha imejaa. Za petroli hazina visa hivyo, ila ukifika kituo cha mafuta utajua.

Na hapo kwenye mafuta, kaa vizuri.

Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000, maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza yao na mimi siwezi kuwafuata. Tuseme kwenda na kurudi kazini ni kilometa 50, Mbezi hadi Posta. Range ya V8 kwenye foleni ya Ubungo ukipata kilometa 5 kwa lita mshukuru Mungu. Ni lita 10 kwa siku, shilingi 30,000. Siku 26 za kazi ni 780,000. IST kwa safari hiyohiyo haifiki lita 5 kwa siku. VX ya V8 nayo haiko mbali na Range, sitakudanganya.

Na kuna jambo watu wamelisahau. Mwaka 2017 serikali ilifuta ile ada ya mwaka ya leseni ya magari, tukashangilia. Ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Maana yake mwenye gari dogo alipona, na mwenye V8 akawa analipa leseni kila anapokanyaga. Bado hujanunua matairi ya inchi 20. Bado hujalipa bima kubwa. Bado oili, ambayo V8 hizo hunywa nyingi kila unapobadilisha, na lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu, si ile ya kwenye ndoo ya kijiwe.

Wenzetu Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Sisi tunaliruhusu, tunalitoza ushuru wa uchakavu. Nadhani serikali nayo ilikuwa inajaribu kukunong'oneza kitu.

Mjukuu wangu, nisikilize hapa, maana hapa ndipo niliposhuhudia watu wakipotea.

Gari la namna hii halikumalizi siku moja. Linakuanza kwa sensa. Sensa si kitu, unalipa. Wiki ya tatu ni bushi za mbele. Unalipa, umeshalipa sensa, utaachaje bushi? Halafu giaboksi inagonga ikiingia ya pili, fundi anasema tubadilishe oili yake kwanza. Unalipa. Sasa umeshaweka fedha nyingi kiasi kwamba kuliuza unaona ni kutupa. Unakopa SACCOS. SACCOS wakichelewa unaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Wale wanataka dhamana, nawe una kadi ya gari na hati ya kiwanja. Nimeona kiwanja cha Mbweni kikigeuka kuwa giaboksi. Giaboksi nayo ilidumu miezi saba.

Na mke naye anaona. Anapanda bodaboda na mtoto mgongoni kwenda kliniki, gari la kifahari limefunikwa turubai uani. Mwaka wa kwanza ananyamaza.

Najua kwa sababu lilinipata. Usimuulize bibi yako, atakasirika upya. Mwaka 1999 mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao, akaniuzia gari lake la kifahari kwa bei ya kutupa. Fundi mimi! Nikasema nani atanisumbua, si nitalitengeneza mwenyewe? Niliuza ng'ombe wawili wa maziwa. Kazi ya mikono kweli ilikuwa bure. Vifaa havikuwa bure. Likala fedha ya paa la jikoni, likala ada ya mjomba wako muhula mzima. Lilikaa chini ya mgomba miaka mitatu, na kila Jumanne na Ijumaa bibi yako alilipita na mkungu wa ndizi kichwani akienda kupanda Hiace ya sokoni. Hakusema neno. Siku nilipolivuta kulipeleka kwa wakata vyuma, alitoka mlangoni akasimama, akalitazama mpaka likakata kona.

Basi ukiona babu yako anabweka, ujue aliumwa.

Kuna watu wanaoweza kuwa na Range kuukuu na wakaifurahia, siwakatai. Ni yule mwenye gari jingine dogo la kumpeleka kazini. Ana fungu la matengenezo aliloliweka kando kabla hajanunua, nami ningelitaka lifike theluthi ya bei ya gari kwa mwaka wa kwanza. Ana fundi aliyesomea magari hayo, mwenye mashine yake, na anayeweza kukwambia "hili silijui". Fundi aliyekiri hajui amekuokolea fedha kuliko watatu waliosema "tujaribu". Ukiwa na hivyo vitatu, endesha, na unipe lifti.

Wewe huna hata kimoja. Naomba usinikasirikie.

Ila kama damu inachemka na huwezi kulala, basi fanya haya kabla hujatoa hata shilingi. Nenda kalione gari asubuhi bila kupiga simu, uguse boneti. Likiwa la moto, wameliwasha kabla hujafika, kuna kitu hawataki ukione likiwaka baridi. Washa swichi bila kuwasha injini: taa zote za dashibodi lazima ziwake, kisha zizimike zenyewe injini ikiwaka. Taa isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa, na taa iliyozibwa haijapona. Fungua kifuniko cha oili, ukiona utando wa rangi ya maziwa, funga, shukuru, ondoka. Angalia maji ya rejeta. Yakiwa na kutu, gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, na pengine themostati imetolewa. Nami nilizitoa nyingi enzi zangu, tukidhani tunalisaidia gari kupoa. Mungu anisamehe kwa injini zile.

Muombe mwenye nalo likae usiku mmoja bila kuguswa. Jioni weka vidole kati ya tairi na madigadi, magurudumu yote manne, uhesabu. Asubuhi hesabu tena. Likipungua hata vidole viwili, umeshajua kuna upepo unaovuja, na bado fedha zako ziko mfukoni. Akikataa lisikae usiku, jibu umelipata bila kupima.

Na usilipie kwa furaha ya rafiki zako. Wao watapanda siku ya kwanza wapige picha. Siku ya kulivuta kwa kamba kutoka Chalinze utakuwa na dereva wa bredauni peke yake, naye anahesabu kilometa.

Nimeongea sana, koo limekauka. Dalali mwambie babu yako ni mgonjwa, umekwenda kumtazama, kwa hiyo asubiri. Si uongo, mgongo unauma kweli. Panda basi Ijumaa jioni, asubuhi utakuwa hapa. Kuna IST ya mwalimu mstaafu hapa jirani, nimeihudumia tangu ilipofika, kila oili ninaikumbuka. Uione kwanza. Ukiiona na bado moyo wako uko kwa ile nyeusi, basi nitashuka nawe Dar es Salaam, na nitalala chini yake mimi mwenyewe.

Wewe utakuja na tochi. Sabuni nitabeba mimi.